Mchezo wa Kufunga Mwaka: Gor Mahia na Espérance, 5 Desemba 1987



Ni desturi ya kijitabu hiki kuwapa wasomaji kurasa chache za mambo ya zamani kabla hawajafika kwenye hesabu za mweka hazina, ambazo twajua ndizo wengi wenu huzitafuta kwanza. Safari hii halmashauri imeona vema tuukumbuke mchezo mmoja wa mpira wa miguu uliochezwa Nairobi siku ya Jumamosi, tarehe 5 Desemba 1987, baina ya Gor Mahia na Espérance ya Tunis. Ulikuwa mchezo mkubwa wa kufunga mwaka ule, nao ndio ulioiletea Kenya kombe la vilabu vya Afrika kwa mara ya kwanza.

Yawezekana mzee mmoja akauliza: Sugoi na Gor Mahia, wapi na wapi? Sisi wa Uasin Gishu sifa yetu ni mbio, mahindi na maziwa. Timu ile asili yake ni watu wa Ziwa, na uwanja wake uko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Swali hilo ni la haki, na kulijibu ndiyo kazi ya makala haya. Timu ile ilizaliwa na chama cha kusaidiana, kama hiki chetu. Kabla ya kuwa na jezi na viatu vya njumu, ilikuwa daftari la michango.

Wenye umri watakumbuka habari walizopewa na baba zao juu ya mji wa Eldoret. Ulianza kwa kuitwa 64, ambayo ilikuwa namba ya shamba, na Waafrika wakaitamka namba hiyo ya Kiingereza kwa ndimi zao wakapata Sisibo, jina ambalo bado husikika vinywani mwa wakongwe. Makaburu walikuwa wamekwisha kufika katika uwanda huu tangu 1908 na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Reli ilipofika mwaka 1924, pamoja nayo wakaja watu wa kazi: wa karakana, wa mashamba ya ngano na mahindi, na baadaye wa viwanda vya miti ya mwati, vya maziwa na vya nguo. Walitoka Nyanza, walitoka Bunyore na Maragoli, walitoka Nandi, Keiyo na kwingineko. Kila mmoja aliacha ukoo wake nyumbani, naye akaishi katika chumba cha kukodi au katika kibanda cha shamba la mtu mwingine.

Sasa fikirini jambo hili. Mtu wa namna hiyo alipofariki, nani amzike? Hakuwa na mjomba wala shemeji karibu. Mwajiri alimhesabu kuwa mkono mmoja uliopungua kazini. Ndipo watu wa lugha moja, au wa lokesheni moja, walipokutana chini ya mti siku ya Jumapili na kuandika majina. Kila mwezi kila mmoja alitoa senti zake kwa ajili ya ubao wa jeneza, nauli ya kusindikiza maiti, na chakula cha kijana aliyekuja mjini kutafuta kazi asiipate. Ndivyo vilivyoanza vyama vya welfea katika miji yote ya Kenya, Nairobi, Nakuru, Mombasa, Kisumu na hapa petu. Kilichokuwa kikubwa kuliko vingi ni Luo Union, ambacho kuanzia mwaka 1953 kiliongozwa na marehemu Jaramogi Oginga Odinga kwa cheo cha Ker. Hatusemi kwamba kazi zao zote zilikuwa za kusifiwa. Baadhi ya vyama hivyo viliwakamata wanawake waliokuwa wakiishi mjini bila waume na kuwarudisha makwao kwa nguvu, na hilo hatuwezi kulitetea mbele ya binti zetu. Lakini katika maziko na katika karo za watoto vilifanya kazi ambayo serikali ya wakati ule haikujishughulisha nayo.

Mpira uliingiaje hapo? Mpira wa miguu ulikwisha kupendwa sana tangu zamani. Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage mwaka 1926, na shule za misheni zilikuwa na timu karibu zote. Lakini kwa maoni yetu vyama viliupenda mpira kwa sababu nyingine, iliyo rahisi kuliko zote: palipo na mchezo, watu hukusanyika bila kuitwa, na palipo na watu waliokusanyika, katibu aweza kupita na daftari. Hivyo kila chama kilichojiheshimu kikawa na timu. Waluhya walikuwa nazo nyingi, Samia wakiwa na yao na Bunyore wakiwa na yao, mpaka mwaka 1964 zilipounganishwa zikawa Abaluhya. Luo Union nao walikuwa na timu yenye jina la chama.

Ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1963, bingwa wa kwanza alikuwa jirani yetu wa Bonde la Ufa, Nakuru All Stars. Mwaka uliofuata kombe likachukuliwa na Luo Union, na mwaka 1966 likachukuliwa na Abaluhya. Mnamo Februari 1968 wanampira wa Kijaluo waliungana wakaunda Gor Mahia, kwa jina la mganga mashuhuri wa zamani aliyesifika kwa miujiza; na mwaka huo huo, wakiwa wachanga hivyo, wakashinda ligi. Tangu hapo ukaanza ule ushindani ambao Wakenya wameupa jina zuri la Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana tangu zamani, na shemeji ndiye mtu umtaniaye hadharani na kumpa kiti kizuri nyumbani kwako. Hata hivyo tusifiche kwamba siku nyingine utani huo uliishia kwenye mawe.

Mwaka 1979 Gor Mahia ilifika fainali ya kombe la washindi wa makombe ya Afrika, mashindano yaliyoanzishwa mwaka 1975. Ikakutana na Canon ya Yaoundé na kufungwa jumla ya mabao 8 kwa sifuri katika michezo miwili. Twalitaja hilo kwa sababu wapo wanaosimulia habari ya 1987 kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Wachezaji wa 1987 walirithi deni, na deni lenyewe lilikuwa mabao 8.

Kisha likaja jambo lililovigusa vyama vyote. Mwaka 1980 iliamriwa kwamba vyama vya kikabila vivunjwe, na timu zenye majina ya makabila zibadili majina. Luo Union, chama kilichokuwa na wanachama Kenya, Uganda na Tanganyika, kikafikia mwisho. Timu yake ikageuka Re-Union. Abaluhya wakawa AFC Leopards. Gor Mahia kwa muda ikaandikwa Gulf Olympic Rangers, na mwenye akili ataona kuwa herufi za mwanzo za maneno hayo matatu zalirudisha jina la Gor papo hapo. Wazee wa timu walikuwa wajanja.

Je, amri ile ilikuwa mbaya? Katika mikutano yetu wenyewe jambo hili limezungumzwa mara nyingi, na wanachama hawajakubaliana. Wengine husema vyama vya kabila vilikuwa vimekwisha kuwa ngazi za wanasiasa, na kwamba mchango wa mazishi uligeuzwa kuwa mchango wa kampeni. Hilo lina ukweli. Wengine husema aliyevunja chama cha maziko hakuwaambia maskini watazikwa na nani. Hilo nalo lina ukweli. Sisi twaongeza neno moja tu: miaka saba baada ya mlezi wake kuondolewa, mtoto aliyebaki ndiye aliyewaunganisha watu wa makabila yote mbele ya redio moja.

Mwaka 1987 wenyewe ulikuwa wa shangwe na uchungu. Mwezi wa Agosti Nairobi iliandaa Michezo ya nne ya Afrika Nzima, katika uwanja mpya wa Kasarani uliojengwa kwa msaada wa China na wenye nafasi ya watazamaji wapatao 60,000. Timu ya taifa, Harambee Stars, ilifika fainali ya mpira, nchi nzima ikangoja, Misri ikashinda kwa bao moja bila jibu. Kwa hiyo uwanja ule, ambao rangi yake ilikuwa haijachakaa, tayari ulikuwa umeona machozi. Miezi minne baadaye watu wale wale wakapanda mabasi kwenda tena huko huko.

Gor Mahia ya mwaka ule ilifundishwa na Mwingereza Jack Johnson, na kapteni wake alikuwa beki Austin Oduor, ambaye watu walimwita Makamu. Peter Dawo alikuwa mfungaji ambaye walinzi wa timu ngeni walijifunza jina lake mapema. Alikuwamo Abbas Khamis Magongo, na jina hilo lenyewe ladokeza kwamba timu iliyozaliwa na chama cha Waluo haikuwa tena ya Waluo peke yao. Mpira wa Kenya wakati huo ulikuwa bado wa ridhaa. Wachezaji wengi walikuwa na kazi zao, na kile walichopata kwa kucheza kilikuwa posho ndogo, nauli na sifa.

Espérance kwa upande wao walikuwa klabu ya tangu 1919, yenye mali na yenye uzoefu. Mchezo wa kwanza ulifanyika kwao mwezi wa Novemba, katika uwanja wa El Menzah, Tunis. Ukaisha kwa mabao 2 kwa 2.

Hapa twaomba wasomaji wavumilie hesabu kidogo, kwa maana wengi husema Gor Mahia ilishinda kombe Kasarani, na sivyo hasa. Sheria ya mashindano yale ilisema kwamba timu mbili zikilingana kwa jumla ya mabao, yatazamwe mabao yaliyofungwa ugenini, na mwenye mengi zaidi ndiye mshindi. Gor Mahia ilikuwa na mabao mawili ya ugenini mfukoni. Kwa hiyo Nairobi sare bila bao ingetosha. Sare ya 1 kwa 1 ingetosha pia. Sare ya 2 kwa 2 ingefuta faida yote, na mshindi angetafutwa kwa njia nyingine. Sare ya 3 kwa 3 ingewapa kombe Watunisia. Faida ile ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa nyembamba kama kamba ya kuanikia nguo. Mabao mawili ya El Menzah ndiyo yaliyokuwa kombe, na huko El Menzah hapakuwa na shabiki wa kwetu hata mmoja mwenye ngoma. Nusu ya ushindi ule ilitendeka mbali na macho yetu, na pengine ndiyo sababu husahauliwa.

Huku Sugoi Desemba ni mwezi wa mahindi. Mengine yalikuwa yamekwisha kukatwa na kusimamishwa mashambani, mengine yakipurwa nyuani. Runinga zilikuwa chache mno, basi watu wakafuata redio. Betri zilizochoka zilikuwa zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu ya saa mbili, na kila mwenye redio nzuri alijikuta ana wageni ambao hakuwaalika. Sauti ya Kenya, kama ilivyoitwa idhaa ya taifa wakati huo, ilikuwa na watangazaji waliojua kuufanya mpira uonekane kwa masikio. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alikuwa miongoni mwa waliopendwa sana katika ufundi huo. Waliokuja kusikiliza walikuwa Wakalenjin wenye mashamba, Waluhya kutoka pande za Turbo na Lugari, Waluo wa reli na wa viwandani waliokuwa wamekuja kuwatembelea jamaa, na Wakikuyu wenye maduka. Mashabiki wa Ingwe, yaani AFC Leopards, walikuwapo pia. Wao walikuja wakisema wamekuja kusikiliza tu.

Huko Kasarani kila upande ulifunga bao moja. Tangu hapo hesabu ile tuliyoieleza ikawa kitu cha kutia kiu kinywani. Gor Mahia ikiwa 1 kwa 1 ilikuwa na kombe. Espérance ikipata bao moja zaidi, kombe lingepanda ndege kwenda Tunis, na hapo haingesaidia kitu kwamba Gor Mahia haikuwa imefungwa ugenini. Aliyewahi kulinda ghala usiku akiwa na mbwa mmoja ataelewa jinsi dakika zile zilivyokwenda. Timu inayohitaji bao hukimbia mbele, na timu isiyohitaji hujikuta inarudi nyuma hata kama mwalimu wake anapiga kelele isirudi. Ng'ombe wa jioni walilia vizuizini siku hiyo bila kukamuliwa, na hakuna aliyeinuka.

Kipyenga cha mwisho kilipolia matokeo yalikuwa 1 kwa 1, jumla 3 kwa 3, na kombe likawa la Gor Mahia kwa mabao ya ugenini. Austin Oduor akalinyanyua. Ni kombe ambalo Wakenya hadi leo huliita Kombe la Mandela. Mandela mwenyewe siku hiyo alikuwa bado kifungoni, na hakutoka mpaka Februari 1990.

Wamekuwapo wenye kusema kwamba kombe lililochukuliwa bila kushinda hata mchezo mmoja wa fainali ni kombe la hesabu. Sisi hatukubaliani nao. Kutofungwa na Espérance mara mbili, mara moja kwao na mara moja mbele ya umati wenye kuogopa, ni kazi ambayo vilabu vyenye mali nyingi vimeshindwa kuifanya tangu siku hiyo. Klabu ile ya Tunis imekwisha kuwa bingwa wa Afrika mara nne, mwaka 1994, 2011, 2018 na 2019. Walioizuia mwaka 1987 walikuwa vijana wenye kuomba ruhusa kazini ili wahudhurie mazoezi.

Na walipata nini? Swali hili lapaswa kuandikwa katika kijitabu cha chama cha welfea kuliko mahali pengine popote. Walipata shangwe, na magazeti yaliyowasifu ndiyo yaliyokuja kuandika, miaka ilipopita, habari za baadhi yao kuishi kwa shida, kuugua bila bima, na kuchangiwa. Hapakuwa na mfuko wa uzeeni wa wachezaji. Chama ambacho kingewahesabu kuwa watoto wake kilikuwa kimekwisha kufutwa miaka saba kabla ya mchezo, na hakuna kilichowekwa mahali pake. Mashabiki walitoa kiingilio langoni mwaka baada ya mwaka, lakini kiingilio si mchango: kiingilio humalizika mchezo unapomalizika. Wazee walioanzisha timu zile waliijua tofauti hiyo vizuri, kwa kuwa walikuwa wakiandika vitu hivyo viwili katika kurasa mbili mbalimbali.

Kuhusu majirani waliosikiliza redio pamoja nasi, twasema machache. Katika fujo za 1992, na zaidi katika zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba nyingi katika Uasin Gishu zilichomwa, na watu wa makabila yaliyokuwa mbele ya redio ile waliwakimbia watu wengine wa makabila yaliyokuwa mbele ya redio ile. Wengine walirudi. Wengine waliuza walichokuwa nacho kwa bei ya kutupa wakaenda zao. Katika daftari letu la zamani yamo majina yenye mstari wa kalamu juu yake, na mstari huo si wa kifo. Halmashauri iliona ni aibu kuuandika mchezo huu bila kuyataja majina hayo, ingawa kwa heshima ya wenyewe hatuyachapi hapa.

Kombe lenyewe haliwezi kuchukuliwa tena na mtu yeyote. Mashindano ya washindi wa makombe yalichezwa mara ya mwisho mwaka 2003, na kuanzia 2004 yakaunganishwa na mengine kuwa Kombe la Shirikisho. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyopata kombe la bara. Majirani zetu wamejaribu kwa nguvu: SC Villa ya Uganda ilicheza fainali mwaka 1991, Simba ya Dar es Salaam ikacheza yake mwaka 1993 na tena mwaka 2025, na wote walirudi mikono mitupu.

Aliyekaribia kuliko wote ni Young Africans ya Dar es Salaam mwaka 2023. Ilifungwa nyumbani 2 kwa 1 na USM Alger, kisha tarehe 3 Juni ikaenda Algiers ikashinda bao 1 kwa 0, jambo gumu sana. Jumla ikawa 2 kwa 2. Kombe likabaki Algiers, kwa sheria ile ile ya mabao ya ugenini. Wazee wetu walioufuata mchezo huo, safari hii kwa runinga, waliipiga hesabu kabla mtangazaji hajaimaliza.